Foo-wili hukutoa topeni, lakini Bugarama husimamishwi nayo

BUJUMBURA. Mvua inapoikamata Kinama, mfanyabiashara hana haja ya kwenda mbali kutafuta utelezi. Mtaa huu wa kaskazini mwa jiji umekaa kwenye tambarare ya Imbo, ambako maji ya milima ya mashariki hushuka kwa kasi yakielekea Ziwa Tanganyika. Usiku wa Februari 9 kuamkia 10, 2014, mafuriko yaliua zaidi ya watu 60 katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, Kinama ikiwa miongoni mwao. Hata mvua ya kawaida, ile isiyotajwa kwenye habari, huziacha njia zisizo na lami zikiwa tope la kunata, na pikapu iliyopakia magunia alfajiri huweza kujichimbia shimo kabla haijaiona barabara kuu.

Hapo ndipo sifa za foo-wili huanzia. Gari ambalo injini yake inasukuma magurudumu yote manne huonekana kuwa jibu la kila kitu, na anayekodi gari la kupeleka mzigo mpakani huuliza kwanza kama linayo. Matairi huyaangalia baadaye, kama atayaangalia kabisa. Kwa safari za wafanyabiashara wengi wa hapa, mpangilio huo umepinduka.

Fikiria njia yenyewe. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, hatua iliyozidi kuipa uzito mipaka ya upande wa Tanzania: Kobero kule Muyinga na Mugina kule Makamba. Anayetoka Kinama kwenda Kobero hukutana na tope kwenye kilomita za mwanzo tu. Baada ya Kamenge anaikwea Barabara ya Kitaifa namba 1, na ndani ya kilomita 35 hivi anapanda kutoka mita 800 kando ya ziwa hadi zaidi ya mita 2,000 pale Bugarama. Kutoka hapo ni lami: Kayanza, Ngozi, Muyinga. Ni lami yenye kona, ukungu na mvua, na mlima huo huo atauteremka akirudi na mzigo wa Tanzania mgongoni.

Kwenye mteremko huo foo-wili haina msaada wowote wa kumsimamisha. Kazi yake ni kugawa nguvu ya injini ili gurudumu lisizunguke bure wakati wa kuondoka au kupanda. Breki, kwa upande wake, zipo kwenye magurudumu yote manne ya kila gari, liwe Land Cruiser au Probox. Gari likiwa kasini juu ya lami iliyolowa, kinacholishika barabara ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja karibu sawa na kiganja cha mkono. Foo-wili ina ubaya mmoja zaidi: kwa kuwa gari linaondoka bila kuteleza, dereva hapati dalili kwamba barabara imeharibika, mpaka anapogusa breki.

Na mlima wa Bugarama una wenyewe. Waendesha baiskeli hupanda wakiwa wamejishikiza nyuma ya malori, kisha huteremka kwa kasi ya kutisha wakiwa na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa. Anayewajua huacha nafasi kubwa na hushika breki mapema. Gia ya kuteremkia ni ile ile ambayo gari lingehitaji kuupanda mlima huo. Kuweka gia huru ili kuokoa mafuta ni kuziachia breki kazi ya injini, na breki zikichemka hazisikii tena. Mafuta yamekuwa adimu Burundi kwa miaka kadhaa sasa, kwa hiyo kishawishi kinaeleweka. Hesabu yake ndiyo haikai sawa.

Hata hivyo foo-wili si mapambo. Kwa anayeingia vijijini kubeba ndizi, mpunga au maharage, inalipa. Sharti ni kujua ni ya aina gani. Katika Hilux nyingi na Land Cruiser za mfululizo wa 70, dereva huiwasha mwenyewe, na ikishawashwa ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa zizunguke pamoja. Kwenye tope hakuna tatizo, maana magurudumu hupata nafasi ya kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu ni balaa: katika kona magurudumu ya mbele husafiri umbali tofauti na ya nyuma, yakakosa pa kutolea tofauti hiyo, usukani ukawa mzito na mzigo wote ukaangukia gia na difu. Ukitoka topeni, zima. Prado nyingi ni tofauti. Zimetengenezwa kukaa kwenye foo-wili muda wote. RAV4 za foo-wili kwa kawaida huita magurudumu ya nyuma zenyewe ya mbele yakianza kuteleza, jambo linalofaa kwa njia ya mtaani yenye tope, lakini si kwa kuvuta tani ya mzigo kwenye korongo.

Foo-wili huwashwa kabla ya kuingia topeni, si baada ya kuzama. Gia nzito, ile inayoandikwa L4, ni ya mwendo wa polepole penye mwinuko mkali au mteremko wa udongo, ambako injini hulizuia gari bila breki kuguswa sana. Gurudumu likianza kuzunguka bure, ondoa mguu kwenye mafuta. Kila mzunguko wa ziada unachimba kaburi la ekseli.

Pine ya theluji katika joto la Imbo

Mgeni kutoka Kigoma akiulizia tairi Bujumbura asishangae kusikia "pine", neno lililotoka kwenye Kifaransa. Iwe tairi au pine, la mtumba ndilo lililo karibu na mfuko wa wengi, na ndilo lenye mitego. Mtego wa kwanza ni umri. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini lililokaa miaka kumi linakuwa gumu kama ukwaju mkavu. Linapendeza kwa macho na halishiki lami.

Mtego wa pili hauonekani kirahisi. Baadhi ya matairi ya mitumba ya Ulaya ni ya majira ya baridi, yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mpira wake umefanywa laini ili ufanye kazi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Kwenye joto la tambarare ya Imbo unalainika kupita kiasi, unaliwa upesi, na gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama. Wengi huyapenda kwa sababu meno yake yanaonekana makali. Herufi M+S, zinazodokeza tope na theluji, huwekwa na kiwanda kwa kuangalia mchoro wa meno tu. Si cheti cha jaribio lolote.

Kuhusu mchoro, anayefanya safari nyingi za lami na chache za udongo anafaa zaidi tairi la mchanganyiko, lenye maandishi A/T. Lile la tope tupu, M/T, lina matofali makubwa yaliyoachana. Linajisafisha vizuri kwenye udongo, lakini kwenye lami iliyolowa mpira unaogusa barabara ni mchache. Kwa mtu wa Kobero, M/T ni gharama isiyo na faida.

Kina cha meno ndicho kinachosukuma maji pembeni. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Meno yakiwa sawa navyo, zimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Kwa mvua za Februari hadi Mei, kusubiri hadi hapo ni kuchelewa. Milimita 3 ni mpaka wa busara.

Wenye Probox wanaonunua matairi mawili tu huyafunga mbele, kwa kuwa Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele. Watengenezaji wa matairi wanashauri kinyume: mazuri yakae nyuma, maana nyuma ikiteleza kwenye kona gari hugeuka lenyewe na dereva wa kawaida halirudishi. Kwa foo-wili hakuna mjadala, yote manne yawe ya kipimo kimoja na yamelika kwa kiasi kimoja, la sivyo difu italipa tofauti.

Anayekodi gari la mtu ana nguvu ya kudai haya yote mara moja tu. Kutazama tarakimu nne, vinundu, vipimo vya matairi manne na tairi la akiba hakuchukui dakika kumi, na hufanywa mchana, kabla malipo ya awali hayajatolewa. Magunia yakishapanda, mwenye gari ndiye mwenye neno.