Jiwe la Kijani la Kolwezi

Shanga za kijani ziuzwazo Kolwezi si za kioo. Ni malakiti, jiwe lenye shaba ndani yake. Hapo kale wafuaji wa Katanga waliliyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakaimimina shaba iwe misalaba midogo iliyotumika kama fedha (nayo Injili ilikuwa haijafika bado!). Mingine ilifukuliwa makaburini huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mwaka 1957. Siku hizi fundi wa mapambo hulikata, hulitoboa, hulisugua hata ling'ae na michirizi yake ionekane. Ila vumbi lake ni sumu. Twamsihi fundi alimwagie jiwe maji akatapo, na mwanawe aketi mbali.