Nyoka anayejifukia: kutomwona si ugonjwa

Msikilizaji, kwenye maeneo makavu ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania yupo nyoka mfupi, mnene, wa rangi ya chungwa na mabaka ya kahawia. Hana sumu. Hujifukia mchangani akaacha macho tu nje, maana yako juu ya kichwa, akimvizia panya apite.

Marekani na Ulaya watu humfuga ndani ya nyumba. Kosa la wengi ni kumfukua kila siku wakidhani anaumwa kwa kuwa hatokei. Kumbe akikosa pa kujificha ndipo anapohangaika, hata kukataa chakula. Wafugaji humtandikia maranda kama yale tunayowatandikia kuku, kina cha sentimita 8 hadi 10. Ya mwerezi hapana: mafuta yake yenye harufu kali humdhuru. Tena yawe makavu, kwani yakikaa na unyevu magamba ya tumbo huoza.

Lakini usiende kumsaka shambani. Kwanza, kumfuga bila kibali ni kosa kisheria. Pili, mabaka yake humfananisha na moma. Na kwenye udongo huohuo wapo nyoka weusi wembamba wenye sumu. Hata ukimbana shingoni, hukuchoma kidole kwa jino linalotokeza pembeni mwa mdomo. Jembe likimfukua nyoka, rudi nyuma umwache aende. Akikuuma, nenda hospitali mara moja hata kama alama ni moja tu.