JIBINI NA JUISI YA MATEMBELE: KIPI HUUJENGA MWILI?

Katika Itungi na Kyela kwa jumla utasikia watu wakisema kuwa juisi ya matembele huongeza damu, na kwamba mwenye kunywa bilauri moja kila siku hana haja ya maziwa. Wengine husema jibini ni chakula cha watu wa mjini wenye fedha, na mkulima hana kazi nayo. Maneno haya yana ukweli kidogo na upungufu mwingi. Tena jambo lenyewe si dogo, maana nyumba ikichagua vibaya, wanaoumia kwanza ni mama mjamzito na mtoto aliyeachishwa ziwa. Soma maelezo haya, kisha uamue mwenyewe.

KITAMBAA CHA KUCHUJIA

Jibini na juisi hufanana kwa jambo moja: vyote viwili huchujwa. Lakini tazama kinachotupwa. Mtengeneza jibini huyagandisha maziwa, huyachuja, kisha hula kile kilichobaki ndani ya kitambaa. Mtengeneza juisi ya matembele huyachemsha majani, huyachuja, kisha hunywa maji yaliyopita, na majani yenyewe huwatupia kuku. Mmoja hula kilicho kizito, mwingine hunywa kilicho chepesi. Hapo ndipo tofauti kubwa ya vyakula hivi viwili inapoanzia.

JIBINI INA NINI?

Katika kila sehemu 100 za maziwa ya ng'ombe, sehemu 87 hivi ni maji. Jibini ngumu, kama ile inayotengenezwa Njombe, huhitaji lita 10 hivi za maziwa ili kupata kilo 1. Kwa hiyo gramu 100 za jibini ngumu huwa na protini gramu 25 hivi na kalsiamu miligramu 700 hivi. Protini hujenga mwili na kumkuza mtoto. Kalsiamu hukaza mifupa na meno.

Hata hivyo jibini ina upungufu wake. Haina vitamini C, chuma chake ni kidogo sana, tena jibini ngumu ina chumvi na mafuta mengi. Mtu hawezi kuishi kwa jibini peke yake.

MATEMBELE YANA NINI?

Gramu 100 za matembele mabichi zina protini gramu 2 na nusu hivi, kalsiamu miligramu 80 hivi, na chuma miligramu 1 hivi. Yana pia vitamini A, ambayo hulinda macho, na vitamini C. Ukiyachemsha, sehemu ya vitamini C huharibiwa na moto na sehemu nyingine huingia katika maji. Lakini vitamini A haiyeyuki katika maji. Hubaki katika majani, pamoja na sehemu kubwa ya protini. Basi anayekunywa maji na kutupa majani ametupa chakula na kubaki na mchuzi.

Sasa tuseme habari ya damu. Mama mjamzito huhitaji chuma kiasi cha miligramu 27 kwa siku. Hata akila gramu 100 za matembele yote, maji na majani, atapata miligramu 1 hivi tu, na mwili huchukua sehemu ndogo tu ya chuma cha majani. Kwa hiyo juisi ya matembele haiwezi kushika mahali pa vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mama kliniki. Tena katika nchi yetu hii ya joto na maji mengi, malaria nayo hupunguza damu. Mama anayechoka upesi, anayeona kizunguzungu, au ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe, aende kupimwa. Asingoje juisi ifanye kazi.

JIBU LAKE

Kwa kujenga mwili, jibini hushinda juisi kwa mbali sana. Kwa vitamini C, juisi hushinda jibini. Lakini mkulima hana haja ya kuchagua kimoja katika hivyo viwili. Maziwa mgando ya kibuyuni yana protini na kalsiamu ile ile ya maziwa yaliyoyazaa, wala hayapotezi kitu katika kuchujwa. Matembele yaliyopikwa na kuliwa na mchuzi wake hushinda juisi yake. Mtoto anayelishwa ndizi au wali mtupu hushiba, lakini hajengwi. Ukiona miguu yake imevimba na nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, mpeleke hospitali upesi.

FANYA HIVI NYUMBANI

1. Usiuze maziwa yote. Tenga kwanza ya watoto na ya mama mjamzito, ndipo upime ya kuuza.

2. Chemsha maziwa kabla ya kuyagandisha, maana maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba. Yakipoa, yatie katika chombo safi pamoja na mgando kidogo wa jana.

3. Maziwa yakizidi, tengeneza jibini laini. Chemsha lita 2 mpaka yaanze kupanda, yaondoe motoni, tia maji ya limau kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka mabonge yajitenge. Chuja kwa kitambaa safi na ugandamize kwa kitu kizito muda wa saa moja. Utapata robo kilo au zaidi kidogo. Ile siku ile ile, kwa sababu joto la Kyela huiharibu upesi. Maji yake usiyamwage, yapikie uji.

4. Pika matembele kwa maji machache na kwa muda mfupi, ule majani na mchuzi wake. Tia mafuta ya mawese kidogo au karanga zilizotwangwa, maana mwili hupokea vitamini A vizuri zaidi penye mafuta.

5. Kamulia limau juu ya mboga wakati wa kula. Husaidia mwili kupokea chuma. Chai na maziwa huzuia chuma, basi vinywe saa nyingine.

6. Asiye na ng'ombe apike mboga pamoja na usipa au maharage, apate protini.

7. Kamwe usitengeneze juisi ya kisamvu kibichi. Kina sumu. Kitwange na kukichemsha sana.

8. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe juisi wala maziwa ya ng'ombe. Ziwa la mama latosha.

BUSTANI YA MATEMBELE

Tenga kipande kidogo karibu na nyumba kwa ajili ya majani tu, kwa sababu ukichuma sana katika shamba la viazi, viazi vitakuwa vidogo. Inua matuta, maana mvua zetu za Machi hadi Mei hutuamisha maji na mizizi huoza. Tia samadi iliyooza. Panda vipande vya mashina vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, vikiachana kwa kiasi hicho hicho. Chuma ncha changa tu, ukiacha shina lichipue tena. Wakati wa kiangazi, mwagilia jioni. Osha majani kwa maji safi, hasa baada ya mafuriko ya Kiwira au Songwe, maana maji machafu huleta kuhara na kipindupindu.

Mashina yakikomaa na kuwa magumu, usiyachome. Mpe ng'ombe, atazidisha maziwa. Samadi yake irudishe bustanini. Kwa njia hiyo mboga humlisha ng'ombe, ng'ombe huilisha mboga, na watoto wako hupata vyote viwili.