Bahari Ndani ya Sanduku la Kioo

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kuzungumza nanyi habari za kufuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani au shuleni, si kwa kuliwa, bali kwa kutazamwa. Mtu wa Rufiji akisikia hayo atacheka, aseme, "Mahali pa samaki ni chunguni." Naam, nasi tulichekwa. Lakini wako watoto wengi wa Kibiti, hapo penye njia kuu ya kwenda Lindi, ambao hawajapata kumwona kamba akitembea wala kaa akihama nyumba, ijapokuwa delta iliyo karibu nao ina mikoko mingi kupita mahali pengine popote katika pwani ya Afrika Mashariki, yapata hekta 53,000. Kwa ajili ya watoto hao tuliianza kazi hii katika chuo chetu cha ualimu.

Duniani si jambo jipya. Mwaka 1832 mwanamke Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, alitengeneza masanduku ya kioo huko Messina, katika kisiwa cha Sicily, apate kuwachungua wanyama wa baharini wangali hai. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, watu wote waje kuwatazama. Sisi tulikuwa na sanduku moja tu, urefu wake sentimita 60, upana 30 na kimo 30, lililoungwa kwa gundi ya silikoni. Mwanafunzi akizidisha ataona kuwa huingia lita 54, na uzito wa maji hayo wapita kilo 54, mbali na mchanga, mawe na kioo chenyewe. Basi meza yake na iwe imara, wala isiwe dirishani penye jua.

Mara ya kwanza tulikwenda Nyamisati wakati maji yanakupwa, tukateka maji katika kijito, tukatanda samaki wadogo kumi na wawili, na siku ile ile tukawatia sandukuni. Tope lilipotuama, maji yakawa meupe kama ya kunywa. Wanafunzi walifurahi mno. Siku ya tatu asubuhi tulikuta samaki wote wameelea matumbo juu.

Tulipomweleza mvuvi mmoja mzee, alitusikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Walimu wangu, ninyi mmechukua samaki, lakini maji yao mmeyaacha kule kule." Tulidhani anatania, maana maji tuliyachukua madebe matatu. Baadaye tuliona kuwa neno lake lilikuwa na maana mbili, na zote mbili zilitupasa.

Maana ya kwanza ni hii. Katika delta, kijito kimoja si maji mamoja. Wakati wa masika mto Rufiji hushuka kwa nguvu, na maji ya vijitoni huwa karibu baridi, yaani hayana chumvi ya kutosha. Wakati wa kiangazi chumvi hupanda juu. Hata katika siku moja, maji yakikupwa huleta ya mtoni pamoja na tope, yakijaa huleta ya baharini. Maji ya bahari kuu yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila kilo. Hivyo debe la lita 20 lina chumvi kama gramu 700. Ukitaka maji ya namna hiyo, yakupasa kuyateka wakati wa kiangazi, siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa, tena nje ya mlango wa mto, mbali na ukingo. Vyombo viwe vya plastiki visivyopata kutiwa mafuta ya taa wala sabuni. Debe la bati halifai, kwa kuwa chumvi hulila. Na shaba ni sumu kwa kamba na kaa. Wala mtu asijidanganye kwa kukoroga chumvi ya jikoni katika maji ya kisima. Chumvi ya bahari ina mchanganyiko wa madini mengi, na viumbe wake huyahitaji.

Maana ya pili ndiyo iliyowaua wale kumi na wawili. Samaki apumuapo na anyapo hutoa sumu iitwayo amonia. Sumu hii haionekani. Maji yaweza kung'aa na huku yanaua. Baharini hutawanyika, tena wako vijidudu wasioonekana kwa macho wanaoila. Namna moja hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vile vile. Namna nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Vijidudu hao hukaa juu ya mchanga na mawe. Katika sanduku jipya bado hawajaongezeka, na kuongezeka kwao huchukua majuma manne hata sita, au hata zaidi.

Kwa hiyo tulianza upya. Tulitia mchanga wa pwani uliooshwa kwa maji ya bahari, na mawe machache, tukajaza maji yaliyochujwa kwa kitambaa safi, tukatumbukiza kipande cha kamba kiasi cha ukucha, kioze na kuwalisha wale vijidudu. Kisha tukangoja. Wanafunzi walinung'unika kuona mwalimu amefuga maji matupu. Mwenye uwezo atumie dawa za matone za kupimia, na asitie samaki mpaka amonia na nitriti zimekwisha kabisa. Ndipo tulipotia samaki mmoja, akaishi. Baada ya majuma mawili tukamwongeza wa pili.

Hapo tukakosa tena. Maji yalikuwa yakipungua kwa joto, nasi tulijazia maji ya bahari, tukiona ndiyo haki yake. Kumbe kinachopanda hewani ni maji tu, chumvi hubaki! Kila tulipojazia tuliongeza chumvi juu ya chumvi, hata samaki wakaacha kula. Tangu siku hiyo tumechora alama ubavuni mwa kioo, na maji yakishuka twajazia ya mvua. Tena tumetengeneza kipimo: kichupa chembamba cha dawa, kimetiwa mchanga kidogo hata kisimame wima majini, na ndani yake karatasi yenye mstari ulioonyesha kimo cha maji siku ya kwanza. Kikielea juu zaidi, chumvi imezidi. Wengine hupima chumvi kwa yai. Lakini yai bichi huzama hata katika maji ya bahari, kwa hiyo halitufai hapa.

Hewa nayo ni lazima, maana maji ya moto hushika hewa kidogo. Penye umeme wa jua, mashine ndogo ya kupuliza yatosha. Pasipo nayo, wawe samaki wachache, na maji yachotwe kwa kata na kumiminwa kutoka juu mara nyingi mchana na jioni.

Kuhusu wa kufugwa, tumeona kaa wadogo waingiao katika magamba ya konokono ndio wapole kwa mwenye kuanza. Mwatiko mchanga apendeza, lakini hukua kupita meta moja. Bunju huwauma wenzake, na nyama yake yaua mtu. Yule samaki arukaye juu ya tope chini ya mikoko ataka nchi kavu kidogo, hafai katika sanduku lililojaa. Aliyevuliwa kwa utupa asiletwe kamwe. Matumbawe hai tusiyaguse, hasa ya Mafia, ambako hifadhi ya bahari iliwekwa mwaka 1995.

Chakula ni kamba aliyekatwa vipande vidogo, mara moja kwa siku, na masazo yaondolewe. Kila Jumamosi twatoa sehemu moja katika kumi ya maji na kutia mapya ya bahari. Maji yatolewayo humwagwa mbali na migomba. Mwaka wa kwanza tuliyamwaga chini ya mgomba mmoja wa chuo, na mpishi hajatusamehe.