JUMBA LA TYNTESFIELD: TAZAMA KWANZA, NDIPO UPAKE RANGI

Wahenga walisema macho hayana pazia. Hapana mtu apitaye mbele ya nyumba nzuri inayouzwa asiingie ndani yake kwa mawazo. Mfukoni hana hata shilingi kumi, lakini kwa dakika chache yeye ndiye mwenye nyumba: ukuta huu ataupaka rangi nyeupe, mapazia yale atayatupa, na kitanda chake atakiweka karibu na dirisha la mashariki. Starehe hii haina gharama wala haina dhambi.

Lakini yako majumba yanayomtaka mwenye mawazo hayo afikiri mara mbili kabla ya kushika burashi. Moja la namna hiyo ni Tyntesfield, lililo karibu na kijiji cha Wraxall, maili saba hivi kutoka mji wa Bristol, upande wa magharibi wa Uingereza. Katika mwaka wa 2002 jumba hilo lilikuwa likiuzwa, na watu wengi wa nchi ile walijiuliza ni nani atakayelinunua, na akisha kulinunua atalifanya nini.

Sura ya jumba

Tyntesfield limesimama juu ya mteremko, likitazama bonde lenye miti na malisho. Kuta zake ni za mawe ya rangi ya asali, na madirisha yake yamechongoka kwa juu kama ya makanisa ya kale. Juu ya paa pana minara midogo na dohani nyingi. Waashi walichonga maua na majani katika mawe hayo, hata ukuta waonekana kana kwamba bustani imeupanda. Vyumba vya kulala ni zaidi ya arobaini, ukihesabu na vile vya watumishi.

Ujenzi wa namna hiyo ulipendwa sana katika siku za Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 hata 1901. Matajiri wa wakati huo walipata fedha zao kwa viwanda, meli na biashara, lakini walitaka nyumba zao zifanane na kazi ya mafundi wa karne nyingi zilizopita. Bwana William Gibbs alinunua mahali hapo mwaka 1843, na nyumba aliyoikuta ilikuwa ya kiasi tu. Kati ya mwaka 1863 na 1865 msanifu John Norton aliigeuza ikawa jumba tunalolisema. Baadaye, katika miaka ya 1870, msanifu mwingine, Arthur Blomfield, aliongeza kanisa ubavuni mwa jumba, zuri kiasi cha kutosha kuwa kanisa la mji mzima.

Fedha zilitoka wapi?

Wakulima watapenda kusikia habari hii, maana utajiri wa Bwana Gibbs ulitoka katika mbolea. Karibu na pwani ya nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, viko visiwa vidogo viitwavyo Chincha. Mvua hainyeshi huko isipokuwa kwa nadra sana, na ndege wa baharini walikuwa wamekaa hapo kwa maelfu ya miaka. Mavi yao yalirundikana, yakakauka, yakawa vilima vya kimo cha futi mia na zaidi. Mbolea hiyo huitwa gwano, na nguvu zake shambani ni kubwa. Kampuni ya jamaa ya Gibbs ilipata mkataba na Serikali ya Peru tangu mwaka 1842, ikawa ikiiuza gwano kwa wakulima wa Uingereza, waliotia mbolea hiyo katika mashamba yao ya nafaka na viazi.

Basi kila jiwe lililochongwa na kila zulia lililotandikwa Tyntesfield lilinunuliwa kwa kitu ambacho watu wengi wangekipita huku wameziba pua. Lakini habari haiishii hapo. Gwano haikujichimba yenyewe. Walioichimba walikuwa wafungwa, watumwa, na hasa Wachina walioletwa kwa mikataba ya miaka mingi. Walifanya kazi juani, katika vumbi lililochoma macho na mapafu, na wengi wao hawakurudi kwao. Aliyekaa katika maktaba ya Tyntesfield hakuwaona watu hao, lakini kiti alichokikalia kilitoka mikononi mwao.

Mnunuzi anaingia

Tumfikirie sasa mnunuzi mmoja, bwana mwenye fedha za kutosha, amefika na mkewe mwaka ule wa 2002 kulitazama jumba. Ukumbini wanaona ngazi pana, meko makubwa ya mawe, na madirisha yaliyo juu sana. Mkewe asema pana giza. Rangi nyeupe ingeleta nuru. Katika maktaba wanaona dari iliyoinuka kwa maboriti kama ya kanisa, na makabati ya mwaloni yaliyojaa vitabu tangu chini hata juu. Bwana apima ukuta kwa macho, akiwaza mahali pa kutundika televisheni.

Katika chumba cha kulia wanakuta ukuta uliofunikwa kwa karatasi nene yenye nakshi, iliyofanywa ionekane kama ngozi. Mkewe aona imechakaa, ataibandua. Katika chumba cha biliadi wanakuta meza kubwa ambayo chini yake yalipitishwa mabomba ya moto ili kitambaa chake kisipate unyevu, na pembeni pana mtambo wa umeme wa kuhesabia magoli. Wote wawili wanacheka kwa furaha. Meza hiyo wataibakiza.

Haifai kuwalaumu watu hawa. Wanayoyasema ndiyo ambayo mtu yeyote angeyasema. Lakini yafaa wajue kwanza sababu ya mambo wanayoyaona.

Sababu ya rangi nzito

Watu wa siku za Victoria hawakupenda rangi nzito kwa kuwa walipenda giza. Nyumba zao zilipata joto kwa makaa ya mawe, na nuru kwa mishumaa, taa za mafuta na gesi. Vyote hivyo vilitoa moshi na masizi. Ukuta mweupe ungekuwa wa kijivu kabla ya mwaka kwisha. Rangi nyekundu ya damu ya mzee, kijani cha majani makavu na hudhurungi vilificha uchafu huo, na usiku, mbele ya moto, dhahabu iliyopakwa katika nakshi ilimetameta. Mtu akitia taa kali ya umeme katika chumba kama hicho, kisha akakihukumu kuwa kibaya, amekihukumu kwa nuru ambayo hakikufanyiwa.

Iko na sababu ya tahadhari. Baadhi ya karatasi za ukutani za karne ile zilitiwa rangi ya kijani yenye sumu ya aseniki, na rangi nyingi za mbao zilikuwa na risasi ndani yake. Anayekwangua ukuta wa zamani ovyo ovyo, bila kuuliza, huivuta sumu hiyo pamoja na vumbi. Mwenye busara humwita fundi ajuaye kupima, na palipo na rangi ngumu isiyobanduka huiacha mahali pake.

Tena na tuseme kweli: hata jamaa ya Gibbs wenyewe walibadilisha mambo. Mwana wa Bwana William, aitwaye Antony, alimwita msanifu mwingine katika miaka ya 1880 atengeneze upya sehemu za jumba, na taa za umeme zikaingia. Mwanzoni mwa karne ya 20 sebule kubwa iligeuzwa kwa mtindo wa Italia, na michoro ya kwanza ya ukutani ikafunikwa kwa kitambaa. Kwa hiyo mabadiliko si kosa. Tofauti ni hii: jamaa hao hawakuwa na desturi ya kutupa. Kiti kilichotoka sebuleni kilipelekwa juu, na zulia kuukuu likakunjwa likawekwa. Kila kizazi kiliongeza lake juu ya lile la baba, na la baba likabaki chini yake.

Kazi ya kwanza si rangi

Mnunuzi wetu akimwuliza fundi mzee aanzie wapi, fundi atamwonyesha paa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maji yanayopenya penye kigae kimoja kilichovunjika huteremka polepole ndani ya ukuta, huozesha boriti, kisha huleta kuvu inayokula mbao. Tyntesfield lililijua jambo hilo. Mnara wake mkubwa, ambao ulikuwa fahari ya kazi ya Bwana Norton, ulibomolewa mwaka 1935 kwa sababu mbao zake zilikuwa zimeoza.

Baada ya paa ni mifereji ya maji, baada ya mifereji ni nyaya za umeme, maana nyaya kuukuu huunguza nyumba. Kisha kuta. Jumba la zamani lilijengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: unyevu ukiingia hupata njia ya kutoka. Wenye kuzitunza nyumba za mawe za Lamu na Mombasa wanalijua jambo hili vema. Mtu akiziba nyufa za ukuta kama huo kwa simiti ngumu, unyevu hunaswa ndani, na jiwe lenyewe huanza kumeguka. Rangi na mapazia ni kazi ya mwisho. Huenda ikawa, mambo hayo yakisha kutengenezwa, mkewe bwana atazame ukuta tena na kuona kwamba haukuhitaji rangi mpya. Ulihitaji kusafishwa tu.

Siku za wasiwasi

Mwenye jumba wa mwisho alikuwa Lord Wraxall wa pili. Hakuoa, naye alikaa katika vyumba vichache tu, vingine vikiwa vimefungwa. Alipofariki mwaka 2001, ilionekana kwamba wasia uliigawa mali kwa warithi kumi na tisa. Hapana jumba liwezalo kukatwa mafungu kumi na tisa. Ikawa halina budi kuuzwa, na vyombo vilivyokuwamo vingetawanywa kwa mnada.

Hapo ndipo hofu ilipowaingia wajuao mambo ya kale. Majumba makubwa ya siku za Victoria yaliyobaki na vyombo vyake vyote yalikuwa machache sana, maana mamia ya majumba ya Uingereza yalivunjwa katika karne ya 20 kwa gharama za matunzo na kodi ya urithi. Magazeti yalinong'ona kwamba waimbaji wenye jina walikuwa wakilitamani Tyntesfield. Pengine wangelipenda na kulitunza. Lakini mtu akinunua nyumba kwa fedha zake, ana haki ya kuibandua karatasi ya ukutani.

Chama cha National Trust, ambacho kazi yake tangu mwaka 1895 ni kutunza majumba na ardhi kwa faida ya watu wote, kiliomba msaada. Watu walitoa walichoweza, wengine pauni chache, wengine mamilioni, hata zikapatikana zaidi ya pauni milioni 8 katika muda wa siku mia moja hivi. Mfuko wa taifa wa kutunza urithi ukatoa pauni milioni 17.4. Mwezi wa Juni mwaka 2002 jumba, bustani na vyombo vyote vikanunuliwa pamoja, na baada ya majuma kumi hivi milango ikafunguliwa kwa wageni.

Wageni hao hawakukuta jumba lililopakwa upya. Walikuta mapazia yaliyopauka, vitabu mahali pake, na mafundi wakihesabu vitu kimoja kimoja na kuviandika. Kazi kubwa iliyofuata ilikuwa ya paa na nyaya, kama yule fundi mzee alivyosema. Walioikumbuka rangi nyeupe walikuwa wachache.

Daftari ya ukutani

Yule bwana na mkewe tuliowafikiria hawakulipata jumba. Lakini leo wanaweza kuingia kwa kulipa kiingilio, kama mtu mwingine yeyote, na kuwaza watakavyo. Wakisimama mbele ya dirisha la maktaba wataona yote pamoja: kazi ya seremala na mwashi, fahari ya mfanya biashara, na nyuma yao visiwa vilivyo mbali, ambako watu wasioandikwa majina yao walichimba vumbi jeupe. Ukuta ungalibanduliwa, habari hiyo ingalikuwa ngumu kuisimulia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa Tyntesfield daftari ni kuta zenyewe.

Si kila mtu atarithi jumba la vyumba arobaini. Lakini wengi wamerithi nyumba ya baba yenye mlango wa zamani, au kiti cha babu kilicholegea mguu. Mwenye kutaka kuitengeneza na aitengeneze, kwani nyumba isiyotengenezwa huanguka. Ila kwanza na aketi ndani yake jioni moja, atazame, aulize ni nani aliyeufanya mlango ule na kwa nini. Burashi yaweza kungoja hadi asubuhi.