Ritifaa ya Ng'wandu

Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Katavi na makundi yao ya ng'ombe, wakakaa katika nyanda za Mpimbwe na vijiji vinavyouzunguka mji wa Mpanda, walikuja pia na majina ambayo aghalabu huanza kwa sauti ile itokayo puani, Ng'wandu, Ng'wigulu na mengineyo. Na maadamu mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una ofisi zake na kompyuta zake, majina hayo sasa huandikwa kila siku katika mashine ambazo hazina habari yoyote ya sauti, ila hesabu tupu.

Kompyuta haihifadhi umbo la herufi bali namba yake, na namba hizo zimepangwa katika orodha moja ya ulimwengu mzima iitwayo Yunikodi, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Humo imo herufi ya sauti ya Kichina ㄅ, inayokaribia b yetu, mojawapo ya zile 37 wanazofundishwa watoto wa Taiwan kabla hawajazama katika maandishi yenyewe ya Kichina. Namba yake ni 3105 katika hesabu ya msingi wa kumi na sita, na ikihifadhiwa kwa utaratibu wa UTF-8 huwa baiti tatu, E3, 84 na 85. Abonyezaye kitufe chake hupata namba hiyo hiyo, popote alipo.

Ng' yetu haikujaliwa hivyo. Waganda huiandika sauti hiyo kwa herufi moja, ŋ, yenye namba yake 014B. Sisi tulikhitari herufi mbili na ritifaa, na ritifaa ina namba tatu: 0027, ile iliyonyooka, iliyomo katika kila kibodi. 2019, iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe bila ya kuombwa. Na 02BC, ambayo Yunikodi huihesabu kuwa herufi hasa wala si alama ya uakifishaji, nayo kwa haki ndiyo ingestahili kukaa hapo, ila ni nadra kuipata katika kibodi zetu.

Tazama basi: Ng'wandu, Ng’wandu. La kwanza ni baiti 8, la pili 10. Karani akimwandikisha mtu kwa la kwanza, na mwenziwe akamtafuta kwa la pili, programu isiyofundishwa itajibu kwamba mtu huyo hayumo, ilhali amesimama dirishani na kadi yake mkononi. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma, hata kama hapana aliyeikusudia.

Mnadani nako, ujumbe wa simu wenye ritifaa iliyonyooka huchukua herufi 160. Ikiingia iliyopinda, hata moja tu katika neno ng'ombe, ujumbe wote hubadilishwa utaratibu na nafasi hushuka hadi 70, na mwenye kutuma herufi mia huweza kutozwa mara mbili.

Mtengenezaji wa programu na azigeuze ritifaa zote tatu kuwa 0027 kabla ya kuhifadhi jina na kabla ya kulitafuta, wala asitegemee usawazishaji wa kawaida wa Yunikodi, kwa kuwa huo huziacha zote kama zilivyo. Amri hiyo hana budi kuiandika mwenyewe.