Sifa Iliyoanza kama Tusi

Walimu wengi wa Kiingereza hulikata neno nice kwenye insha, wakidai limechakaa kwa kusifia kila kitu, kuanzia chai hadi hali ya hewa. Lawama hiyo ni ya zamani. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamtania Catherine Morland kwa kulitumia ovyo. Kwa Henry, huenda awali lilihusu unadhifu na ustaarabu tu. Bwana huyo msomi alikosea. Chimbuko la neno hilo ni nescius ya Kilatini, yaani asiyejua. Likapitia Kifaransa cha kale na kuingia Uingereza likimaanisha mpumbavu. Baadaye likamwelezea mtu mwenye kuchaguachagua, kisha jambo la umakini, na katika karne ya 18 likawa sifa ya kupendeza. Maana ipi basi ndiyo halali?

Walimu hao watasema upana huu wa maana umelifanya neno kuwa tupu. Katika uhakiki wa kitabu, naam, halitoshi. Mezani kwa mwenyeji, hata hivyo, sifa isiyopima chumvi wala viungo ndiyo adabu yenyewe. Na wanasheria bado huita nice hoja inayohitaji jicho kali.